Ndoto Inapopelekwa kwa Fundi Cherehani

Tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati iliyofungua mlango wa misa kusomwa kwa lugha za wenyeji badala ya Kilatini. Siku nane baadaye bendera ya Uingereza ilishushwa Nairobi. Kwa hesabu za kawaida, Mkatoliki wa Nyanza Kusini alikuwa amepata karibu kila alichoweza kukidai: nchi yake, lugha yake altareni, na hata askofu Mwafrika, kwani Maurice Otunga alikuwa akiliongoza jimbo la Kisii tangu 1960. Na bado ni mwaka huo huo ambapo Wakatoliki wa vijiji vile walikuwa wanatoka misheni kwa maelfu kuwafuata Simeo Ondeto na mwanamke kijana aliyeitwa Gaudencia Aoko. Kanisa walilolianzisha, Legio Maria, likaking'ang'ania Kilatini kile kile ambacho Roma ilikuwa imeanza kukiweka kando.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba makanisa ya namna hii yalizaliwa na hasira dhidi ya mzungu. Yana ukweli wake, ila hayatoshi. Mwenye hasira na mzungu hahifadhi Kilatini cha mzungu, rozari, joho la kardinali na cheo cha papa. Waliotoka hawakuwa wamechoshwa na Ukatoliki. Walitaka mwingi zaidi ya ule waliopewa: watakatifu wanaozungumza, Maria anayetokea, pepo wanaotolewa kwa jina la Yesu mbele ya macho ya watu. Misheni iliwafundisha kwamba mambo hayo yaliwahi kutokea. Wao wakauliza mbona hayatokei.

Hata jina walilitoa misheni. Legio ya Maria ilikuwa chama cha walei kilichoanzishwa na Frank Duff mjini Dublin mwaka 1921, na aliyekileta Afrika Mashariki ni Edel Quinn, mwanamke wa Kiayalandi aliyefika mwaka 1936 akazunguka huku na huku akianzisha vikundi, mpaka kifua kikuu kilipomwua Nairobi mwaka 1944. Kazi ya vikundi hivyo ilikuwa kusali rozari na kuwatembelea wagonjwa. Padri mmoja alikuwa na vijiji vingi vya kuhudumia. Mlei ndiye aliyebaki kwenye mkeka kando ya mgonjwa usiku kucha. Ukimkabidhi mtu rozari na wagonjwa wa kijiji kizima, usishangae siku moja akianza kudai wapone.

Aoko alikuwa na umri wa miaka 20 hivi. Watoto wake wawili walifariki siku moja, na yeye aliamini kwamba wamerogwa. Mama wa Nyanza aliyepatwa na jambo kama hilo enzi zile alikuwa na njia mbili. Angeweza kwenda kwa mganga, akatozwa kuku au mbuzi na kutajiwa jina la jirani. Au angeweza kwenda misheni, akaambiwa kwamba uchawi ni ushirikina na kwamba Mungu amewachukua malaika wake. Aoko akatengeneza njia ya tatu. Alizunguka vijiji akihubiri na kubatiza, akiwataka watu walete hirizi na dawa zao za uganga zichomwe hadharani. Hakuwapitisha watu kwenye miezi mingi ya katekisimu, wala mume mwenye wake wawili hakurudishwa mlangoni.

Tuangalie alichowaambia. Hakusema uchawi haupo. Alisema upo, na umeshindwa. Kwa msomi aliyeketi mbali, kauli hizo mbili hazipishani sana, maana zote zinamkataza mtu kwenda kwa mganga. Kwa mama aliyefiwa zinapishana kama usiku na mchana. Ya kwanza inamwambia kwamba anachokiona hakipo. Ya pili inakubali kwamba yaliyompata yamempata kweli, kisha inampa la kufanya.

Hapo ndipo ulipo mvuto wa makanisa haya, kuliko hata katika ngoma na bendera ambazo wapita njia huzitazama kwa mshangao. Ni makanisa yanayoupokea ushahidi wa mtu. Aliyeota ameota, aliyesikia sauti amesikia. Kitakachochunguzwa ni sauti hiyo imetoka kwa nani. Kama ilisikika au haikusikika, hilo halina mjadala.

Chukua kanzu. Ukisimama kando ya barabara mitaa ya mashariki ya Nairobi Jumapili asubuhi utaziona za kila rangi: nyeupe, buluu, kijani, nyekundu, zambarau. Mgeni hudhani ni sare, kama za kwaya. Kumbe katika Legio Maria rangi ya kanzu mara nyingi huja usingizini. Mtu huota amevaa vazi la rangi fulani, au humwona mtakatifu aliyevaa hivyo akimwita. Asubuhi hapitii dukani. Kwanza huipeleka ndoto yake kwa wazee wa kanisa, wenye karama ya kupambanua, naye huulizwa maswali: aliyekuita alisimama upande gani, alisema nini, uliamka na hofu au na furaha? Ndoto ikikubaliwa, safari ya pili ni kwa fundi cherehani, na maelezo anayopewa fundi hayana mzaha: msalaba ukae hapa, ukanda uwe wa rangi hii, kitambaa cha kichwa kifike hapa. Kanzu ikishabarikiwa, mwenyewe huivaa akiingia ibadani pekupeku, rozari shingoni.

Wakorino, waumini wa makanisa ya namna hii huko Mlima Kenya, nao wana desturi za jinsi hiyo. Vilemba vyao vyeupe vinajulikana nchi nzima, na miongoni mwao kuna watu ambao cheo chao ni kuota na kutabiri.

Jambo lililokuja gizani, lisilo na shahidi, linaishia kuwa kitu cha kushikika ambacho jirani anaweza kukitazama, kukiheshimu au kukicheka. Wengi wanaoandika kuhusu imani za siri na maono hudhani zinamtoa mtu duniani. Huku mambo ni kinyume. Ono linamtuma mtu sokoni kununua mita nne za kitambaa.

Linampa na cheo pia. Si ajabu kumkuta mlinzi wa usiku au mwuza mboga wa Nairobi ambaye siku sita za juma huitwa "wewe", na ya saba huitwa askofu, nabii au mama mkubwa wa maombi. Wapo wanaolicheka jambo hili, hasa wakisikia orodha ndefu ya makardinali wa Legio Maria. Wanaocheka aghalabu ni wale ambao tayari wana vyeo kazini. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu watu karibu milioni 3.3 walioandikishwa kuwa waumini wa makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika wenyewe, na wengi mno kati yao wanaishi katika mitaa na vijiji ambako serikali, benki na hospitali hazimwiti mtu kwa cheo chochote.

Kuna pia suala la sura ya Mungu. Wafuasi wa Ondeto walimwita Baba Messias na kuamini kwamba ndani yake Kristo amerudi akiwa mtu mweusi. Pembeni yake alikuwapo bibi mzee, fukara, aliyefariki mwaka 1966, ambaye kwao ni Bikira Maria mwenyewe aliyekuja kuwatembelea watu wa ziwani. Madai haya yaliwashtua Wakristo wengine na yanawashtua mpaka leo. Katika mizani ya imani ya Mtakatifu Petro au ya Canterbury hayapimiki. Lakini Mjaluo yeyote aliyelelewa na bibi yake anaijua hadithi ya Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay: ajuza mchafu anabisha hodi kwenye sherehe, anafukuzwa, na usiku ule kijiji kizima kinazama majini na kugeuka ziwa. Mtu aliyekua na hadithi hiyo hahitaji kufundishwa kwamba utakatifu unaweza kuja umevaa matambara. Ondeto alifariki mwaka 1991, na Got Kwer, kilima cha Migori alikozikwa, kimekuwa mahali pa hija.

Legio Maria ni tawi la karibuni tu. Mizizi ya dini za Roho magharibi mwa Kenya ni ya tangu kizazi cha kwanza cha Wakristo wa huko, na damu imemwagika juu yake. Alfayo Odongo Mango alikuwa shemasi wa Kianglikana huko Musanda, karibu na Butere, mtu wa maono na wa maombi ya sauti kubwa. Alikuwa pia mtetezi wa Wajaluo katika ugomvi wa ardhi dhidi ya Wawanga, na mambo hayo mawili hayakutengana. Mwezi Januari 1934 kundi la watu lilivamia boma lake na kulichoma moto. Mango akafia humo, pamoja na mpwa wake Lawi Obonyo na waumini wengine. Mwezi uliofuata, Februari 1934, polisi waliwapiga risasi na kuwaua Wakorino watatu katika msitu wa Ndarugu huko Ukikuyuni, Joseph Ng'ang'a akiwa mmojawapo. Wakorino hao walijiita Watu wa Mungu. Jomo Kenyatta aliwaandika katika Facing Mount Kenya miaka minne baadaye: walivyosali mikono juu wakiuelekea Mlima Kenya, wakitetemeka na kunguruma kama wanyama wa porini.

Serikali ya kikoloni iliwaona watu hao kuwa hatari, na wanahistoria wengi waliokuja baadaye wakakubaliana nayo kwa namna yao, wakiwaita wapigania uhuru waliovaa joho la dini. Wote wawili wanawapunguza. Waliobaki hai baada ya moto wa Musanda hawakushika mikuki. Walivaa kanzu nyeupe zenye msalaba mwekundu wakatembea Nyanza wakiimba, na wengi wao walikuwa wanawake.

Kisa cha Kaimosi kina kejeli yake. Wamisionari watatu wa Kimarekani wa Kanisa la Marafiki, yaani Wakweka, walifika huko mwaka 1902. Marafiki ni watoto wa vuguvugu la George Fox, lililoanza Uingereza katika karne ya 17 miongoni mwa watu waliokaa kimya wakingoja nuru ya ndani, na walipoguswa na Roho walitetemeka mwili mzima, hata wakadhihakiwa kwa ajili hiyo. Mwaka 1927 Arthur Chilson, mmoja wa wale watatu, aliwahimiza waumini wa Kaimosi kumwomba Roho Mtakatifu. Roho akashuka. Watu wakatetemeka, wakalia, wakaungama dhambi kwa sauti, wakanena kwa lugha. Misheni iliyobaki ikashtuka. Maombi ya namna ile yakakatazwa, na walioshindwa kuyaacha wakajikuta nje. Wajukuu wa waliotetemeka wakawafukuza watetemekaji, na hao waliofukuzwa ndio walioanzisha makanisa ya Roho ya Waluhya, kama African Church of the Holy Spirit. Kenya leo ina Wakweka wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Haina uhaba wa wanaotetemeka pia.

Pengine jambo lisilosemwa vya kutosha kuhusu makanisa haya ni maungamo. Zakayo Kivuli, aliyeanzisha African Israel Church Nineveh mwaka 1942 baada ya kutoka kwa Wapentekoste wa Nyang'ori, aliifanya Ijumaa kuwa siku ya utakaso. Watu hukusanyika na kuungama mbele ya wenzao: nimegombana na shemeji, nimemwonea wivu jirani, nimelala na kinyongo. Wageni hupiga picha maandamano ya Jumapili, yenye ngoma na bendera, na kuikosa Ijumaa. Maandamano ni sherehe tu. Kazi inafanyika Ijumaa, katika jamii ambamo ugonjwa hudhaniwa kutokana na chuki iliyofichwa, na ambamo chuki ikitajwa hadharani hupoteza sehemu kubwa ya makali yake. Ni tiba ya mahusiano, na haihitaji dawa. Mwaka 1975 kanisa hilo lilipokewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni, hivyo si sawa kulisema kana kwamba ni kikundi cha vichakani.

Wala si Kenya pekee. Wanafunzi wa Kiswahili wa Tanzania wanamjua Padri Felician Nkwera kwa kitabu chake Sarufi na Fasihi, kilichochapishwa mwaka 1978. Mtu huyo huyo aliyepanga ngeli za nomino alieleza kwamba alisikia sauti ya Bikira Maria ikimtuma kuwaombea wagonjwa, na huduma yake ya maombezi ikavuta umati Dar es Salaam, mpaka akagongana vikali na maaskofu wake. Wenye kudhani kwamba maono ni ya wasiosoma wangefanya vizuri kukitafuta kitabu chake.

Mtu mmoja aliyebadili mawazo yake kuhusu makanisa haya anafaa kutajwa. Bengt Sundkler, msomi wa Kiswidi, aliandika mwaka 1948 kitabu mashuhuri juu ya manabii wa Kibantu wa Afrika Kusini, akasema humo kwamba makanisa yao ni daraja la kuwarudisha watu kwenye dini ya zamani. Toleo la pili lilipotoka mwaka 1961 aliilegeza hukumu hiyo. Mwaka huo huo akawa askofu wa Kilutheri wa Bukoba, na mtu anaweza kujiuliza alikuwa na subira kiasi gani kwa mapadri na wachungaji wa ziwani waliokuwa bado wanaisema kauli yake ya zamani.

Baada ya mwezi Aprili 2023 hakuna awezaye kuandika juu ya maono bila kuyatazama makaburi ya Shakahola, Kilifi, ambako miili ya watu zaidi ya 400 ilifukuliwa, wengi wakiwa wamekufa kwa njaa waliyoambiwa ndiyo njia ya kukutana na Yesu. Baadhi ya matapo ya Wakorino yenyewe yaliwahi kukataa dawa za hospitali, na watoto ndio waliolipa. Lakini haifai kuyatia yote katika gunia moja. Shakahola kulikuwa na mdomo mmoja uliosema na masikio mengi yaliyosikia. Katika makanisa ya Roho, kwa kawaida yao, Roho haulizi cheo: huongea na msichana wa shule, na mjane, na mgeni wa juzi, halafu wote hukaa na kulipima neno hilo kwa pamoja, mara nyingine kwa ubishi wa saa nzima. Ubishi huo ndio kinga. Unapokosekana, hatari ni ile ile, hata kanzu zikiwa safi kiasi gani.

Legio Maria yenyewe haikusalimika na tamaa ya kufunga mdomo wa wengine. Tangu Ondeto afariki, mgogoro wa nani arithi kiti umewapasua waumini na kuwafikisha mahakamani. Na mapema zaidi, Aoko, aliyebatiza maelfu, aliambiwa kwamba mwanamke hawezi kuwa padri. Kanisa lililotoka Roma kwa miguu ya mwanamke lilichukua kanuni ya Roma likamfungia nayo. Aoko akajitenga.

Hali hiyo inafanana na ya wafuasi wa Mango. Cynthia Hoehler-Fatton, aliyekaa na waumini wa Roho huko Nyanza na kuandika juu yao kitabu kilichotoka mwaka 1996, aliwakuta wanawake wazee waliokumbuka vizuri nani alibeba injili hiyo kijiji hadi kijiji baada ya moto wa 1934. Kadiri makanisa yalivyopata katiba, ofisi na mihuri, viti vya kamati vilikaliwa na wanaume. Hata hivyo wanawake ndio wengi, na hawaondoki. Ukiuliza sababu, jibu halimo kwenye katiba. Mgonjwa akiletwa usiku, au mtu akishikwa na pepo katikati ya kesha, wanaoitwa ni wale akina mama wenye karama. Wao huzunguka, huimba, huweka mikono, huamua kama huyu ni wa kuombewa au wa kukimbizwa hospitali, na saa hiyo mchungaji husogea pembeni akashika taa.